Kompyuta moja, saa mbili: Ubuntu inasema saa tano usiku, Windows inasema saa mbili. Nani muongo?

#1 Mzee wa Rimu
Wakuu, salaam. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kompyuta ya mezani moja, printa mbili, mashine ya kopi, basi. Kompyuta nimeigawa: upande mmoja Windows 10 kwa ajili ya kazi za Word za wateja, upande wa pili Ubuntu kwa ajili ya flashi za wanafunzi. Zile flashi mnazijua, ukiichomeka tu mafaili yote yanageuka vimshale.

Sasa Ijumaa nimekaa kwenye Ubuntu napekua folda la kazi za wiki, nikaona mafaili manne yamehifadhiwa saa 23:12, 23:20, 23:41... Duka tunafunga saa tatu usiku. Ufunguo anao kijana wangu. Na rimu zinaisha haraka kuliko hela inavyoingia. Nikaunganisha moja na moja. Nikamweka kijana chini, akaapa kwa mama yake hajawahi kufungua duka usiku. Sikumwamini, nikamkata elfu ishirini.

Jana nimewasha mwenyewe. Saa ya mkononi saa mbili usiku, Ubuntu imeandika 23:00. Nikazima, nikaingia Windows: 20:00. Mashine ni ile ile, meza ni ile ile. Hii ni nini?

#2 FundiSpana
Betri ya CMOS hiyo. Ile ya duara kwenye mazabodi, CR2032. Badilisha, tulale.

#3 kibonge_07
Virusi. Halafu mrudishie kijana elfu ishirini yake.

#4 Binti Tarakilishi
FundiSpana, subiri kwanza. Betri ikifa saa hairuki masaa matatu kamili. Inasimama kompyuta ikichomolewa ukutani, ukiwasha unajikuta umerudi miaka mingi nyuma. Mzee wa Rimu, nijibu moja tu: dakika zinalingana?

#5 Mzee wa Rimu
Dakika zinalingana kabisa. Masaa tu ndiyo yamezidi matatu.

#6 kibonge_07
Saa ya Kiswahili na ya Kizungu zinapishana sita. Kompyuta yako imefika nusu ya somo, ivumilie.

#7 Mwl wa Zamu
Wingi wa saa ni saa. "Masaa" ni kosa. Semeni imeruka saa tatu.

#8 kibonge_07
Mwalimu, nikiandika "saa imerudi saa tatu" utajuaje kama imerudi nyuma au imerudi nyumbani?

#9 Binti Tarakilishi
Jamani tuache sarufi. Mzee wa Rimu, hiyo siyo betri wala virusi, na kijana wako hana hatia, walau kwenye hili la saa.

Ndani ya kompyuta kuna kisaa kidogo kinachotembea hata ukiizima. Ndicho kinacholishwa na hiyo betri ya duara. Kile kisaa kinahifadhi namba tu. Hakihifadhi namba hiyo ni ya saa za wapi. Windows ikikisoma inaamini ni saa za hapa hapa ulipo. Linux, yaani ukoo wa hiyo Ubuntu yako, ikikisoma inaamini ni saa za UTC, yaani zile za kipimo cha dunia, halafu inajumlisha zako yenyewe. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa masaa matatu.

Sasa fuata: Windows imeandika 20:00 kwenye kile kisaa. Ukaingia Ubuntu. Ubuntu inasoma 20:00, inasema hiyo ni UTC, inaongeza tatu, inakuonyesha 23:00. Kila moja ina hakika iko sawa.

Na ukiwa na bando, Ubuntu inaulizia saa mtandaoni, inajirekebisha kuwa 20:00, kisha inaandika 17:00 kwenye kisaa. Ukirudi Windows utakuta saa kumi na moja jioni wakati watu wameshakula. Kwa hiyo Linux inakwenda mbele, Windows inarudi nyuma, kutegemea nani aliandika mwisho.

#10 Mzee wa Rimu
Ee Mungu wangu. Hii ya kurudi nyuma nimewahi kuiona, nikadhani ni umeme umekatika. Dukani bando siweki mpaka mteja aje na kazi ya mtandaoni, kwa hiyo hairekebishwi.

#11 Mpemba wa Maskati
Assalaam alaykum. Binti kanifumbua macho. Mie niko Maskati, laptopu yangu ina zote mbili, na kila siku naona nne siyo tatu. Nikawa nasema hii mashine imenunuliwa Dubai ndiyo maana. Kumbe Oman tuko UTC na nne.

#12 Volkeno
Hapa Goma kwangu ni masaa mbili. Nilifikiri yangu imeharibika kidogo kuliko ya wengine.

#13 kibonge_07
Kwa hiyo ndugu yako wa Kinshasa itamharibikia saa moja tu. Serikali moja, kuharibika tofauti.

#14 FundiSpana
Mimi sikatai maelezo ya dada, ila niko na spana mkononi mwaka wa kumi na mbili. Mashine nyingi zinazokuja na shida ya saa, nikibadilisha betri zinapona. Mwaka juzi mama mmoja alileta kompyuta, kila tovuti anayofungua inamwambia siyo salama. Mwanawe alikuwa anaomba nafasi ya chuo, dirisha linafungwa siku ile ile. Nikaangalia tarehe: 2012. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikijiona iko 2012 inaona cheti bado hakijazaliwa. Nikaweka betri, nikapanga tarehe, ikafunguka. Alinishikia mkono huku analia. Kwa hiyo betri msizidharau.

#15 Binti Tarakilishi
Sizidharau kaka. Ila wewe mwenyewe umesema ilirudi 2012. Ya Mzee inapishana tatu juu ya alama, siku zote tatu. Betri haijui kuhesabu hivyo.

#16 Msukuma Uingereza
Naomba nitie ushahidi wa upande wa Binti. Niko Manchester. Mwanzoni nilikuwa naapa tatizo hili halipo, nikawacheka wenzangu wa Linux. Nilifunga zote mbili mwezi wa kumi na moja, saa zikaenda pamoja kama mapacha. Ikafika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, huku saa zinasogezwa mbele, nikaamka Ubuntu na Windows zinapishana saa moja. Nikahangaika nazo mpaka mwezi wa kumi, saa zikarudishwa, ugonjwa ukapona wenyewe. Maana wakati wa baridi saa za huku ndizo hizo hizo UTC, hakuna cha kujumlisha. Kama ingekuwa betri, betri gani inapona kwa baridi?

#17 kibonge_07
#16 funga kesi.

#18 FundiSpana
Haijafungwa. Betri kwenye baridi zina tabia zake.

#19 Mwl wa Zamu
Kwa wanaouliza nani alianza ugomvi. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya 1981 haikuwa na kisaa cha betri. Ukiwasha, DOS (mfumo uliotangulia Windows) inakuuliza tarehe na saa, unaandika kwa mkono. Ilipokuja IBM AT ya 1984 ikawa na kisaa kinacholishwa na betri, na watu wakakiwekea saa ya ukutani kwao, basi. DOS ikazoea, Windows ikarithi, na mpaka leo haijaachana na urithi huo. Linux imetoka kwenye ukoo wa Unix, huko wakati ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, na saa ya mahali ni nguo tu ya kuvalishwa mwishoni. Unix ilizoea mashine moja kutumiwa na watu wengi walioko mbali mbali, kwa hiyo isingeweza kusema "saa ya hapa". Hapa wapi?

Na hesabu hiyo ya sekunde nayo ina msiba wake. Mashine zinazohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 zinaishiwa namba tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Wakati wa chai.

#20 Bi Stafeli
Mwalimu umetupeleka 2038 na mwenzetu hata Windows 10 yake imeshaachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Mzee wa Rimu unajua hilo?

#21 Mzee wa Rimu
Najua, dada. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, mashine yangu haina. Ndiyo maana nahamia Ubuntu taratibu. Nisaidieni saa kwanza.

#22 Binti Tarakilishi
Dawa ziko mbili, unachagua MOJA.

Ya kwanza, ifundishe Linux kukisoma kisaa kama Windows. Fungua dirisha jeusi la amri, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakufokea kidogo kwamba hali hiyo inaleta shida saa zinaposogezwa kwa misimu. Sisi hatusogezi saa. Ipuuze. Msukuma yeye asiipuuze.

Ya pili, ifundishe Windows kukisoma kama Linux. Unaingia kwenye rejistri, yaani daftari la mipangilio ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, unatengeneza thamani ya namba (DWORD) inaitwa RealTimeIsUniversal, unaipa 1, unawasha upya. Mimi napenda hii, ila kama hujazoea rejistri usiiguse, humo ukifuta kitu kimoja cha pembeni utatuletea uzi mwingine.

#23 Kaka wa Rongai
Na usifanye zote mbili. Mimi nilifanya zote nikijiona mjanja. Sasa Linux ikawa inaandika saa za Nairobi, Windows inazisoma kama UTC, inaongeza tatu. Tatizo lile lile limegeuka nyuma mbele. Nilichelewa... hapana, niliwahi usaili masaa matatu. Mlinzi alinipa kiti na gazeti.

#24 kibonge_07
Ulipata kazi?

#25 Kaka wa Rongai
Nilisinzia.

#26 Mzee wa Rimu
Nimefanya ya kwanza. Saa imelingana pande zote. Binti, Mungu akuzidishie. Kuna jingine maadamu tupo hapa: mara nyingine nikiwa Ubuntu nikitaka kuhifadhi kazi kwenye diski ya upande wa Windows inakataa, inasema ni ya kusoma tu. Kesho yake inakubali. Haina ratiba.

#27 Kaka wa Rongai
Ratiba inayo. Tangu Windows 8 kuna kitu cha kuwasha haraka. Ukibonyeza Zima, haizimi kabisa, inalala na kumbukumbu zake zimeandikwa kwenye diski. Linux ikiona diski ya mtu aliyelala inaogopa kuandika, isije ikamharibia ndoto. Ukibonyeza Washa Upya badala ya Zima, hapo ndipo inazima kwelikweli. Nenda kwenye mipangilio ya umeme uondoe hiyo ya kuwasha haraka.

#28 Bi Stafeli
Yaani kuzima siyo kuzima, na kuwasha upya ndiyo kuzima. Halafu tunawaambia wazazi wetu kompyuta ni rahisi.

#29 Mpemba wa Maskati
Afadhali nyie. Mie ofisini nimepewa Mac. Siku ya kwanza nataka kuhamisha faili, natafuta "kata", hamna. Wiki nzima nanakili kisha narudi kufuta kwa mkono. Kisha kijana mmoja wa Kihindi akanionyesha: unanakili kawaida, ukifika unapotaka unabandika kwa kushikilia na Option, ndiyo faili linahama. Kukata kumehamishiwa kwenye kubandika! Na ukifunga dirisha kwa kitufe chekundu programu haijafungika, imejificha tu pale chini na kidoa chake.

#30 kibonge_07
Kama mwenye nyumba ukigonga.

#31 Mpemba wa Maskati
Na diski yangu ya nje, ile yenye mpangilio wa NTFS niliyotoka nayo kwenye Windows, Mac inaisoma lakini haiandiki. Ikabidi niifomati exFAT ndipo pande zote zikakubali. FAT32 nayo inakataa faili la zaidi ya GB 4, video ya harusi ya dada yangu haikuingia.

#32 Volkeno
Mie Ubuntu niliijua kwa sidii. Zamani ulikuwa unaomba kwenye tovuti yao, wanakutumia sidii kwa posta, bure kabisa, hata tembo hulipi. Nilikuwa Bukavu wakati ule, nikatumia sanduku la posta la parokia. Padri akaniita: kuna bahasha kutoka Ulaya, umeomba masomo? Nikamwambia hapana Padri, nimeomba Windows ingine. Hakuelewa, lakini alinipa.

#33 Mwl wa Zamu
Nakumbuka. Walisimamisha 2011. Sidii zangu tatu ninazo bado. Tembo siyo ya posta, Volkeno, ni stempu. Tembo ni mnyama.

#34 Volkeno
Huku kwetu tembre, Mwalimu. Kidole kiliteleza.

#35 Bi Stafeli
Turudi kwa Mzee. Mimi pia nina steshenari, na kilio changu ni fonti. Mteja anakuja na barua aliyoiandika kwa Calibri kurasa mbili barabara, naifungua kwenye LibreOffice (ile ya bure inayoshika nafasi ya Word), inakuwa mbili na mistari mitatu. Anadai nimemwongezea ukurasa ili nimchaji. Nimewekewa fonti inaitwa Carlito, upana wa herufi zake ni sawasawa na Calibri, kelele zimepungua. Mzee, hapo ndipo rimu zinapoishia! Hesabu kurasa zenye mistari mitatu.

#36 Mzee wa Rimu
Bi Stafeli, hilo sijawahi kulifikiria. Karatasi za mistari mitatu nimeziona kwenye pipa, nyingi. Nilidhani ni za majaribio.

#37 FundiSpana
Kijana ameshalipwa elfu ishirini yake?

#38 Mzee wa Rimu
Kumi. Nyingine mwisho wa mwezi.

#39 Mzee wa Rimu
Wakuu, nimerudi. Siku nne saa ilikaa vizuri. Leo asubuhi nimeingia Windows, imeruka MBELE masaa matatu. Mbele, siyo nyuma. Sijagusa kitu.

#40 Kaka wa Rongai
Umefanya zote mbili.

#41 Mzee wa Rimu
Nimefanya moja. Naapa.

#42 kibonge_07
Unaapa kwa mama yako? Sisi tukukate ngapi?

#43 Binti Tarakilishi
Dalili ni za zote mbili kabisa. Kuna fundi aliwahi kukuwekea Windows upya karibuni? Wengine wanaweka ile ya rejistri bila kusema. Nenda kaangalie kama RealTimeIsUniversal ipo.

#44 Mzee wa Rimu
Fundi alikuja mwezi uliopita, kuweka dereva ya printa. Nimeangalia rejistri, sikuiona hiyo. Au sijui pa kuangalia.

#45 Bi Stafeli
Lakini kama ingekuwepo tangu mwezi uliopita, hiyo ya rejistri ingekuwa imeshatibu kabla Mzee hajaja humu. Hapo Binti panavuja.

#46 Binti Tarakilishi
Panavuja, nakubali. Au basi mtu kaiweka wiki hii. Mzee, kijana wako anasoma humu?

#47 Msukuma Uingereza
Au ni majira (ukanda wa saa) yamechaguliwa vibaya. Angalia kama Windows imeandikwa Nairobi. Laptopu za mtumba zinakuja na za Abu Dhabi.

#48 Mpemba wa Maskati
Abu Dhabi ingempa moja tu. Tatu mbele ya Morogoro ni mbali, ni huko Bangladesh.

#49 Bi Stafeli
Au mtoto. Wa kwangu alikuwa anasogeza saa mbele ili maisha ya mchezo yarudi haraka. Nilihangaika mwezi.

#50 Mwl wa Zamu
Mzee, angalia na haya. Kazi zilizonakiliwa kutoka kwenye flashi ya FAT32 muda wake umeandikwa kwa saa ya mahali, za NTFS kwa UTC. Namna ya kutofautisha: FAT32 inahesabu sekunde mbili mbili, kwa hiyo sekunde za faili lililohifadhiwa humo ni shufwa siku zote. Ukiona 41 au 17, faili hilo limehifadhiwa kwenye diski yako.

#51 Mzee wa Rimu
Nimekagua yale ya Ijumaa. Sekunde ziko 07, 33, 48, 15. Ya kwangu basi. Nikitoa tatu yanakuwa saa mbili na dakika 12, mbili na 20, mbili na 41. Duka liko wazi. Kijana nimemwomba radhi mbele ya wateja na kumi iliyobaki nimempa leo hii hii.

Lakini kuna faili la tano sikuwaambia. Limeandikwa 02:40. Nikitoa tatu bado ni saa tano na dakika 40 usiku. Mniambie kuna nchi inapishana masaa sita na wapi?

#52 kibonge_07
Ipo. Inaitwa Uswahilini.

#53 FundiSpana
Nimesema betri tangu #2. Kesho nashuka stendi ya Msamvu saa nne asubuhi, betri ninayo mfukoni. Dukani kwako ni wapi?